Usilipite gari lililosimama mbele ya zebra: mwongozo kwa madereva wa magari, bajaji na bodaboda

Kuna ajali ya kwenye zebra, yaani kivuko cha waenda kwa miguu, ambayo hutokea kwa mpangilio uleule. Daladala au gari dogo linasimama kumpisha mtu. Mtu anaanza kuvuka akijua amepishwa. Dereva wa nyuma anachoka kusubiri, anachomoka kulia, anakanyaga mafuta, na anamkuta yule mtu hatua moja tu baada ya kutokeza mbele ya gari lililosimama. Aliyevuka alifuata sheria. Aliyesimama alifuata sheria. Aliyeua ni yule aliyeona mwenzake amesimama, akadhani amepewa nafasi ya kupita.

Ajali hii inaepukika kabisa, na haihitaji gari jipya wala breki za ajabu, bali dereva anayejua afanye nini kuanzia anapokiona kibao cha kivuko hadi anapokiacha nyuma. Nimeandika nikizifikiria barabara za Tanzania, ambako tunaendesha kushoto na kuovateki kulia. Wa Kenya na Uganda nao ni hivyohivyo.

Sheria kwa kifupi

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inamtaka dereva ampishe mtu anayevuka kwenye kivuko, na inaweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Mkataba wa Kimataifa wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema dereva asilipite gari linalokaribia kivuko, au lililosimama mbele ya kivuko, isipokuwa kwa mwendo mdogo kiasi kwamba anaweza kusimama hapohapo mtu akitokea. Uingereza wamekaza zaidi: ndani ya mistari ya zigizaga inayochorwa kabla ya zebra, ni marufuku kulipita gari lililo karibu zaidi na kivuko, liwe linatembea au limesimama kupisha watu.

Ushauri wangu ni kushika hilo la Uingereza kila mahali, hata pale ambapo hakuna zigizaga barabarani. "Mwendo mdogo" kila dereva ana wake kichwani. "Usipite" haina tafsiri mbili.

Hatua ya 1: Kitambue kivuko kabla hujakifikia

Usisubiri kuiona michirizi myeupe. Rangi ya zebra nyingi imefutika kwa matairi na mvua, na mbele yako kukiwa na lori au Coaster, hata iliyopakwa jana huioni mpaka uwe juu yake. Tafuta dalili nyingine. Kibao cha pembetatu chenye picha ya mtu anayetembea kinakuonya mapema. Kibao cha kivuko chenyewe kiko pembeni ya zebra. Mstari wa katikati uliokuwa unakatika-katika ukibadilika kuwa mstari mmoja usiokatika, maana yake hapo huruhusiwi kuuvuka kwa ajili ya kuovateki. Rasta, vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, zikianza kutetemesha usukani, mara nyingi kuna tuta mbele, na tuta limewekwa kwa sababu ya watu.

Halafu kuna dalili zisizochorwa na mtu: geti la shule, soko, msikiti watu wakitoka swala ya Ijumaa, kanisa Jumapili, kituo cha daladala. Na kubwa kuliko zote ni watu wenyewe, waliosimama ukingoni wameelekeza nyuso upande unaotoka wewe. Hawaangalii gari lako kwa kulipenda. Wanasubiri kuvuka.

Hatua ya 2: Piga hesabu kabla hujatoka kuovateki

Hapa ndipo madereva wengi wanajidanganya, kwa hiyo twende na namba.

Tuseme unataka kulipita semitrela lenye urefu wa mita 18 linalokwenda kilomita 40 kwa saa, nawe unakwenda 60. Ukitoka mita 20 nyuma yake na kurudi mita 20 mbele yake, unahitaji sekunde 11 hivi, na ndani ya sekunde hizo utakuwa umetembea karibu mita 190. Ukiona kibao cha zebra kiko ndani ya umbali huo, utalimaliza lile lori ukiwa juu ya zebra, uko upande wa magari yanayokuja, na huoni chochote kilicho kushoto kwako kwa sababu lori limekuziba.

Sasa weka mwendo halali. Kwenye kijiji chenye kibao cha 50, ukilipita lori hilohilo kwa mwendo wa 50, utahitaji sekunde zaidi ya 20 na mita zipatazo 300. Katika vijiji vingi kando ya barabara kuu, ndani ya mita 300 utakutana na kituo, njia ya kuingilia mtaani au zebra. Kwa maneno mengine, ndani ya makazi ni nadra kupata mahali ambapo unaweza kulipita lori kama hilo bila ama kuvunja mwendo au kuwaweka watu hatarini. Subiri kibao cha kumaliza 50. Hilo ndilo jibu, na halina njia ya mkato.

Dereva wa basi la mkoani atasema ana ratiba. Najua ana ratiba, na najua abiria wengine wanamchochea. Lakini dakika anazookoa kwa kulipita lori moja kijijini atazipoteza kwenye mzani au kwenye foleni ya kuingia Kibaha.

Hatua ya 3: Shusha mwendo hadi 30, hata kama barabara iko tupu

Katika mwendo wa 50, gari linatembea karibu mita 14 kila sekunde. Dereva mwenye akili timamu, asiye na simu mkononi, anahitaji kama sekunde moja kuona hatari na kuhamisha mguu kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Mita 14 zimekwisha kabla breki haijaguswa. Kwenye lami kavu, kwa breki nzuri, zinahitajika nyingine kama 14 hadi gari lisimame. Jumla mita 28.

Katika mwendo wa 30, vyote hivyo vinachukua mita 13 tu.

Linganisha vizuri. Mtoto akitokeza mita 13 mbele yako, ukiwa kwenye 30 unasimama miguuni pake. Ukiwa kwenye 50, unamfikia ukiwa bado kwenye 50, kwa sababu mguu ndiyo kwanza unaigusa breki. Katika umbali huo, kilomita 20 za tofauti kwenye dashibodi ndizo zinazoamua kama atafika ng'ambo. Mvua ikinyesha, au tairi zikiwa zimekwisha kashata (meno yake), mita hizo zinaongezeka sana.

Hatua ya 4: Lisome gari lililo mbele yako

Gari likisimama au kupunguza mwendo mbele ya zebra, usijiulize kwa nini. Chukulia kwamba kuna mtu anavuka mbele yake na wewe humwoni. Gari hilo ni ukuta, na mtu yuko upande wa pili wa ukuta.

Ukubwa wa gari usikudanganye. Kila dereva anajua kwamba basi linaficha watu, lakini hata bajaji inamficha mtoto wa darasa la kwanza na begi lake. Pickup yenye turubai inamficha mtu mzima.

Ukiwa nyuma ya daladala, zipo alama unazoweza kuzisoma. Taa za breki zikiwaka na konda hajatoka mlangoni, huenda hashushi abiria, anapisha. Abiria waliokaa upande wa dirisha wakigeuza shingo kufuata kitu mbele ya gari, wanamfuata mtu kwa macho. Tazama pia chini ya gari: kati ya tairi za mbele na lami kuna uwazi, na kwenye uwazi huo mara nyingi utaona viatu vinatembea, au kivuli kinasogea, sekunde moja kabla mwenyewe hajatokeza. Wafundishe wanafunzi wa udereva kutazama hapo. Ni jambo dogo, na linaokoa uhai.

Pia, daladala ikisimama kituoni hatua chache kabla ya zebra, abiria wanaoshuka hawarudi nyuma kuvuka. Wanapita mbele ya gari. Konda anapiga bodi, dereva anaanza kusogea, huku kuna mama mwenye mzigo kichwani anamalizia kuvuka kwa haraka. Wewe uliyekuwa nyuma unaona daladala "imekwama", unaamua kuizunguka. Usiizunguke. Simama nyuma yake na uache nafasi ya kutosha kuona matairi yake ya nyuma yakigusa lami. Likiondoka, ondoka nalo.

Honi usiipige. Ukimpigia honi aliyesimama, unamsukuma aondoke mtu akiwa bado mbele yake.

Hatua ya 5: Kwenye barabara ya leni mbili kila upande, leni yako si kinga

Chukua barabara za Dar es Salaam: Bagamoyo, Sam Nujoma, Mandela, Nyerere, na Morogoro baada ya kupanuliwa. Hapa dereva anaweza kulipita gari lililosimama bila kugusa usukani. Amekaa kwenye leni yake ya kulia, anakwenda zake, anaona hajaovateki mtu yeyote. Kwa anayevuka hakuna tofauti. Amepishwa na leni ya kushoto, anatokeza kwenye leni ya kulia, na huko anakutana na gari lililo kwenye 70.

Kanuni ya kushika ni rahisi kukumbuka: leni ya jirani ikipunguza mwendo karibu na kivuko, nawe punguza. Ikisimama, simama, na usimame sambamba nayo au nyuma kidogo, kamwe si mbele yake. Usianze kuondoka kwa kuwa jirani ameondoka. Ondoka kwa kuwa umeiona zebra yote, ukingo hadi ukingo, na haina mtu.

Penye kisiwa katikati, mtu aliyesimama kwenye kisiwa anasubiri upande wako. Usimhesabu kama aliyekwisha vuka. Kwenye barabara za mabasi ya mwendokasi angalia zaidi, kwani watu wanavuka kwenda kwenye kituo kilicho katikati, macho yao yako kwenye basi linaloingia, na wengine wanakimbia wasiachwe.

Hatua ya 6: Kama gari lililosimama limeharibika kweli

Wakati mwingine gari limezimika hapo hapo kabla ya zebra, boneti iko juu, pembetatu nyekundu iko nyuma. Huwezi kukaa nyuma yake siku nzima. Fanya hivi: simama kabisa kwanza. Angalia wanaokuja mbele na vioo vya pembeni. Washa indiketa ya kulia, toka kwa gia ya kwanza, acha nafasi ya mlango mzima kati yako na gari hilo. Pua ya gari lako ikifika usawa wa pua ya lile bovu, simama tena. Ndiyo, mara ya pili. Hapo ndipo unapoanza kuiona zebra, na mtu naye anaanza kukuona. Ukihakikisha hakuna mtu, pita. Usipige honi ukadhani hiyo inatosha badala ya kusimama. Mtoto akisikia honi anaweza kukimbia mbele badala ya kurudi nyuma.

Hatua ya 7: Ukiwa wewe ndiye uliyesimama kupisha

Wema wako usije ukawa mtego. Anza kupunguza mapema, uguse breki kidogo kidogo ili taa ziwaonye wa nyuma. Mchana unaweza kutoa mkono wa kulia nje ya dirisha, uupandishe na kuushusha taratibu. Ishara hiyo ya kupunguza mwendo bado ipo na madereva wa zamani wanaielewa mara moja. Simama mita tatu au nne kabla ya zebra, sio puani pake. Nafasi hiyo inampa dereva wa leni nyingine upenyo wa kumwona anayevuka, na inampa anayevuka upenyo wa kuchungulia.

Usimpungie mtu mkono kwamba "vuka". Najua inafanywa kwa moyo mzuri, lakini unamdhaminia barabara usiyoiona yote. Wewe simama tu, mwache aamue mwenyewe baada ya kuangalia. Macho yako yawe kwenye kioo cha kulia. Ukiona mtu anachomoka nyuma yako, hapo ndipo honi ina kazi: bonyeza kwa nguvu na uishikilie, na huenda anayevuka akasita. Taa za hazadi zinasaidia pia, hasa barabara kuu ambako dereva wa nyuma hategemei gari lisimame.

Bodaboda na bajaji

Pikipiki ina makosa yake ya pekee. Magari yakisimama kwenye zebra, bodaboda anapenya katikati ya mistari ya magari, au anatanua kushoto pembezoni mwa barabara ambako watu ndipo wanapoanzia kuvuka. Kuchomekea kwenye foleni tumekuzoea, lakini kwenye zebra kunageuka kuwa jambo jingine kabisa, kwa sababu anayevuka ameshaangalia magari na hakutegemea kitu kipite kati yao. Pikipiki haina mwili mpana wa kuonekana, na sauti yake inamezwa na injini za wengine.

Kwa hiyo: foleni ikiwa imesimama na zebra iko mbele, kaa nyuma ya gari la mwisho katika leni yako kama gari lolote. Ukishaipita zebra, endelea na mambo yako. Kama wewe ni abiria, una haki ya kusema. Mwambie kabla hajawasha: "Kaka, kwenye zebra tusimame, sina haraka." Wengi wanapokimbia wanadhani abiria ndiye anayetaka hivyo.

Usiku

Dereva anayekuja mbele akikupiga taa kali, kwa sekunde kadhaa kuna eneo lote katikati ya magari yenu ambalo hulioni, na mtu aliyefika katikati ya zebra anaingia humo. Nguo nyingi tunazovaa hazirudishi mwanga. Usiku, usiovateki kabisa kwenye eneo la kituo au zebra, hata gari la mbele likienda 20. Nawe ukiona zebra, shusha taa zako mapema ili wa upande wa pili amwone anayevuka.

Kwa madereva wa malori ya nje

Ukitoka Dar kwenda Kigali, ukivuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda unahamia kulia mwa barabara, na usukani wako uko kulia vilevile. Sasa unapotaka kulipita gari, unalazimika kutoka kushoto, na wewe umekaa upande usioona. Anayevuka kutoka ukingo ulio karibu nawe anatokea kulia, sio kushoto kama ulivyozoea. Macho yana mazoea, na mazoea ya miaka hayageuki kwa kugongewa muhuri mpakani. Burundi na Kongo ni hivyohivyo. Siku ya kwanza upande ule, weka nadhiri ya kutomwovateki mtu yeyote ndani ya mji au kijiji, na kila ukikaribia zebra anza kutazama ukingo wa kulia kwanza.

Kwa anayevuka, na kwa mzazi

Jukumu la kwanza ni la dereva, lakini mtoto wako usimwachie dereva asiyemjua. Mfundishe hivi, na umfundishe kwa vitendo, mkimaliza kuvuka mrudi tena mvuke. Gari likisimama, asikimbie. Atembee hadi usawa wa ubavu wa mwisho wa gari lililompisha, asimame hapo, achungulie leni inayofuata. Akiona gari linakuja, asubiri hata kama aliyempisha anapiga honi ya haraka. Akiona linasimama, aangalie tairi. Tairi likiacha kuzunguka ndipo avuke. Asiwe na simu sikioni, na mdogo wake awe upande wa mbali na magari yanayokuja, ameshikwa kifundo cha mkono, sio vidole.